Kanisa lililochimbwa katika mwamba

Huenda mtashangaa kuona katika gazeti letu la Kikatoliki maneno mengi juu ya kanisa la Walutheri, tena la mji wa mbali kama Helsinki, katika nchi ya Ufini. Msishangae upesi. Hatukusafiri ili kufanya mabishano ya dini. Tulikwenda kumwona mpwa wetu aliyehamia huko, naye akatupeleka kuliona kanisa ambalo watu wa nchi nyingi hulijia kila siku. Tulipokuwa tumesimama ndani yake tuliona kwamba swali linalotusumbua hapa Bangboka liliulizwa pale kabla yetu, kwa sauti kubwa, na kwa jina la Afrika. Ndiyo maana twaandika.

Swali lenyewe ni hili: je, yafaa kujenga nyumba nzuri ya Mungu wakati watu wana njaa?

Wanaotujua wanafahamu hali yetu. Bangboka ni mahali pa kiwanja cha ndege, kilometa 17 hivi toka mjini Kisangani. Wageni hushuka, hupanda magari, huondoka. Sisi twabaki na mashamba yetu ya muhogo na kikanisa chetu cha udongo, ambacho kila masika hutoa ukuta mmoja sadaka kwa mvua. Kwa hiyo tumeunda halmashauri ya ujenzi. Sisi tunaoandika tumo ndani yake. Na kabla ya safari tulikuwa tumekwisha kukubali mpango: nguzo nene za simenti, kuta zipigwe lipu na kupakwa rangi zifanane na marumaru, na madirisha ya vioo vya rangi kutoka mbali. Tuliona fahari. Hatukuuliza mengi.

Haya, sasa twendeni Helsinki.

Kanisa lile huitwa Temppeliaukio, maana yake uwanja wa hekalu. Ukifika kwa mara ya kwanza utadhani umepotea. Unaona nyumba za ghorofa pande zote, na katikati kilima cha jiwe gumu, watoto wanapanda juu yake na kukaa kama mbuzi. Hakuna mnara. Hakuna kengele, sauti ya kengele hutolewa na vipaza sauti. Mlango ni wa chini, wa zege, bila pambo, kama mlango wa ghala. Tulimwuliza mpwa wetu, "Mwanangu, kanisa li wapi?" Akacheka, akasema, "Mjomba, umelikanyaga."

Ni kweli. Wajenzi hawakuweka kanisa juu ya mwamba. Walipasua mwamba kwa baruti, wakaliweka ndani ya tumbo lake. Habari yake ni ndefu, nasi twaifupisha. Mtaa ule ulipopangwa, uwanja uliachwa kwa ajili ya kanisa. Katika miaka ya 1930 wasanifu wa majengo walishindanishwa mara mbili. Mwaka 1939 kazi ilianza, vita ikaingia, kazi ikakoma. Baada ya vita wakashindanishwa tena, na mwaka 1961 walishinda ndugu wawili, Timo na Tuomo Suomalainen. Jina lao kwa lugha ya kwao lina maana ya Mfini. Basi waweza kusema kwamba kanisa hilo lilijengwa na Mfini na ndugu yake. Fedha hazikutosha, mpango ukapunguzwa. Kazi ilianza mwaka 1968, na kanisa likatabarukiwa tarehe 28 Septemba 1969.

Tuingie. Ukipita ule mlango mnyonge, kwa ghafula unasimama katika mwanga. Juu ya kichwa chako ipo kuba kubwa ya mviringo, upana wake mita 24, na upande wake wa ndani umefunikwa kwa utepe wa shaba nyekundu uliozungushwa na kuzungushwa kama kamba ya ukindu katika kitanga. Shaba, ndugu, mali ileile wanayochimba wenzetu wa Katanga! Kati ya kuba na mwamba wameacha nafasi, nayo imejaa vioo 180, hivyo jua linashuka pande zote na kutambaa juu ya mawe polepole kadiri saa zinavyokwenda. Hakuna picha za watakatifu. Hakuna dhahabu. Ukuta ni mwamba wenyewe, kama ulivyopasuka: mwekundu hapa, wa kijivu pale, na alama za vyuma vya wachimbaji zingalipo. Nyuma ya altare upo ufa mkubwa ambao barafu ya zamani za kale iliupasua kabla hajazaliwa mtu wa kuusifu. Altare ni bamba la jiwe lililokatwa kwa msumeno. Maji yanayochuruzika katika mwamba hayakuzuiwa. Yamechimbiwa mifereji, yanakwenda zake chini ya sakafu.

Hapa hatuna budi kusifu, tena bila kuona haya. Kanisa lile halisemi uongo. Jiwe ni jiwe, shaba ni shaba, zege ni zege. Hakuna kitu kilichovalishwa nguo ya kitu kingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, uliwaasa maaskofu watafute katika sanaa takatifu uzuri wenye heshima kuliko wingi wa anasa. Hatukutegemea kuuona ushauri huo umetimizwa na Walutheri, lakini tuliuona.

Na kuna jambo jingine katika habari ya kuta zile, nalo lilituchoma. Wale ndugu wawili tangu mwanzo walifikiri kuuacha mwamba wazi, lakini katika mashindano hawakuthubutu kuonyesha wazo hilo. Waliogopa waamuzi wataliona limepita kiasi. Aliyewasaidia si fundi mwashi bali mwanamuziki, Paavo Berglund, kiongozi wa okestra, pamoja na mhandisi wa mambo ya sauti, Mauri Parjo. Hao walieleza kuta zinavyotakiwa kuwa ili muziki usikike vizuri, na ikaonekana kwamba mwamba wenye mapengo na makunyanzi, ukiachwa vilevile, watimiza yote yanayotakiwa. Kumbe walichokionea haya ndicho kilichokuwa bora! Siku ile mtu mmoja alikuwa akijizoeza kupiga kinanda kikubwa. Sauti haikutupigia kelele wala haikupotea. Ilikaa pamoja nasi kama mtu mwenye adabu.

Sasa tuseme kasoro, maana rafiki wa kweli hafichi.

Kwanza, macho yetu yalitafuta taa ndogo nyekundu, hayakuiona. Sisi Wakatoliki tukiingia kanisani, hata tukiwa tumechoka, tunajua Nani yupo. Twapiga goti, ndipo twaangalia dari. Pale hatukujua tupige goti kwa nani. Hatuwalaumu wenyeji, Walutheri hawaweki Ekaristi katika tabernakulo kama sisi, nao wana imani yao kwa Kristo yule yule. Tangu patano la Augsburg la mwaka 1999 juu ya kuhesabiwa haki, na tangu Papa Fransisko alipokwenda kusali nao Lund mwaka 2016, hatuwezi tena kusemana kama majirani waliogombania mpaka wa shamba. Lakini tunasema tuliyoyaona: uzuri wote ule ulikuwa kama nyumba iliyofagiwa, mwenyeji akiwa bado njiani. Wenzetu wenyewe wangejibu kwamba Bwana huja hapo Neno linapohubiriwa na mkate unapomegwa. Basi, sisi tulifika saa isiyo ya ibada.

Pili, mlangoni tulilipa kiingilio. Siku ya ibada hakuna malipo, lakini saa nyingine mtalii hununua tikiti. Twaelewa sababu: watu ni maelfu kwa maelfu, na nyumba yataka kutunzwa. Hata hivyo mkono wetu ulikuwa mzito. Ndani tuliwakuta watu wanaopiga picha kuba, wanapiga picha kinanda, wanajipiga picha wenyewe. Tulihesabu waliofumba macho. Walikuwa wawili, na mmoja tulidhani amelala.

Mpwa wetu alikaa kimya muda mrefu katika benchi. Halafu akasema, "Mjomba, unajua kwa nini nalipenda kanisa hili? Mara ya kwanza nilipoingia nilikumbuka mwezi wa sita." Hatukuhitaji kuuliza mwezi wa sita wa mwaka gani. Kila mtu wa Kisangani anaujua: tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, siku sita ambazo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, na watu wasio na silaha wakafa kwa mamia. Hata Kanisa Kuu letu la Bikira Maria halikupona, makombora yaliliharibu. Yeye alikuwa mtoto, amelala kifudifudi sakafuni pamoja na mama yake. "Niliangalia kuta hizi," akasema, "nikawaza: hapa hakuna kombora litakaloingia." Tumesoma kwamba kanisa lilipokuwa likijengwa, baadhi ya watu wa Helsinki walilidhihaki, wakilifananisha na handaki la vita. Walisema kwa kejeli. Kijana wetu alilisema neno lile lile kwa shukrani.

Ndipo twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Mwaka 1968, baruti zilipokuwa zikipasua mwamba ule, vita ya Biafra ilikuwa ikiendelea nchini Nigeria. Ilianza mwaka 1967, ikaisha Januari 1970. Watoto walikufa kwa njaa, na picha zao zilifika Ulaya. Basi vijana wa Helsinki waliingia pale kazini, wakaandika kwa rangi juu ya mwamba, kwa herufi kubwa, mahali pengi, neno moja tu: BIAFRA. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila mtu: Mnajenga kanisa kwa fedha nyingi, na watoto wa Afrika wanakufa. Peni zile zingenunua chakula.

Tulizunguka tukilitafuta neno lile. Halionekani tena.

Tuwape vijana wale haki yao. Walikuwa mbali na Afrika, na njaa ile haikuwa yao, nao waliona aibu kwa niaba ya nchi yao. Tena walisimama pamoja na mwalimu mkubwa wa Kanisa, ingawa pengine hawakujua. Mtakatifu Yohane Krisostomo, akieleza Injili ya Mateo, aliwaonya Wakristo wasimheshimu Kristo kanisani kwa nguo za hariri, huku wakimwacha nje akiwa uchi kwa baridi. Lakini sikilizeni vizuri: Krisostomo hakukataza kupamba kanisa. Alifundisha utaratibu: mlishe kwanza mwenye njaa, kisha pamba meza ya Bwana kwa kitakachobaki.

Upande wa pili yupo yule mama wa Bethania. Alivunja chupa ya marhamu ya thamani kubwa juu ya Bwana wetu, na aliyelalamika kwamba fedha zingewafaa maskini, Injili ya Yohane yatuambia, ni Yuda, naye hakulalamika kwa sababu aliwapenda maskini. Bwana alimtetea yule mama. Kwa hiyo si kila anayetaja maskini ana moyo wa maskini. Wala si kila anayejenga kanisa ana moyo wa Bethania.

Je, Wafini walijibuje? Tukiangalia mambo yalivyokuwa, jibu moja lilitolewa mbali na mwamba. Katika mwaka ule ule wa 1968 Makanisa ya nchi za Kaskazini, Ufini ikiwamo, yaliunda shirika la Nordchurchaid. Nalo, pamoja na Caritas yetu ya Kikatoliki na wengine, lilirusha ndege usiku toka kisiwa cha São Tomé mpaka kiwanja cha Uli ndani ya Biafra, zikiwa na chakula na dawa, taa zikiwa zimezimwa kwa kuogopa mabomu. Safari hizo za muungano wa Makanisa zilipita 5,000. Baadhi ya marubani walikufa. Mlutheri na Mkatoliki walibeba gunia moja miaka 30 kabla ya kutia sahihi karatasi moja. Sisi wa Bangboka tunaoishi chini ya mingurumo ya ndege tunajua vema kwamba si kila ndege huleta chakula. Kwa hiyo hizo twazikumbuka kwa heshima.

Basi hukumu yetu juu ya Temppeliaukio ni hii. Kulijenga hawakukosa. Walilijenga dogo kuliko walivyotaka, kwa jiwe ambalo Mungu alikwisha kuliweka pale. Lakini tungekuwa sisi, tungaliacha neno moja BIAFRA ukutani, hata herufi mbili tatu, mahali ambapo mhubiri angeliona kila Jumapili. Mwamba ule umehifadhi alama za barafu na alama za baruti. Ungaliweza kuhifadhi na alama ya aibu. Kanisa lililofuta swali lile limekuwa zuri zaidi kwa wapiga picha. Sisi twaona limepungukiwa.

Tuliporudi tulikuwa tumeazimia. Tulijiambia: tutasimama mbele ya halmashauri, tutasema, fedha ya kanisa iende kwanza kulipia watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule. Krisostomo yuko upande wetu. Lakini kabla ya mkutano tulikwenda kumwona mama mmoja mjane wa shirika letu, anayetengeneza kwanga na kuziuza kando ya barabara ya kiwanja. Yeye alikuwa ametoa kuliko wengi. Tulimweleza wazo letu, tukitumaini atafurahi.

Hakufurahi. Alifuta mikono, akasema, "Baba, watoto wa shule nitawatolea tena, mkiniomba. Lakini ile niliitoa kwa kanisa. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya udongo, nimeolewa katika nyumba ya udongo, nitafia humo. Nataka nyumba moja nzuri ambayo hakuna mtu atakayenifukuza."

Tulinyamaza. Tulikumbuka tikiti mkononi mwetu mlangoni Helsinki. Vijana walioandika BIAFRA waliwasemea maskini, na walisema vema. Ila nasi, watu wa halmashauri, tulitaka kumsemea huyu bila kumwuliza. Maskini ana njaa ya mkate, na pia ana njaa ya kitu kizuri kilicho chake. Tajiri ana sebule yake, ana bustani yake. Mama huyu hana ila kanisa. Ukimnyima hilo kwa jina la maskini, umemnyang'anya maskini.

Kwa hiyo tumebadili tutakayoyasema mkutanoni, nanyi wasomaji tuombeeni tuyaseme kwa unyenyekevu. Kanisa lijengwe. Lakini marumaru ya uongo iondoke. Udongo wetu mwekundu hutoa tofali nzuri ukichomwa vema. Tofali hizo ziachwe wazi, bila lipu wala rangi, na msitu wetu utupe mbao za dari. Wagenia wa maporomoko wametufundisha hayo zamani, kabla ya msanifu yeyote: hawakuupiga vita mwamba wa mto, walisimika miti yao katika matundu ya mwamba ule ule, wakatundika migono, na maji yakawaletea samaki. Vioo vya mbali vifutwe katika hesabu, na fedha yake ifungue mfuko wa ada za watoto, usomwe hadharani kila mwezi pamoja na mapato ya ujenzi, ukuta na mtoto kwa pamoja. Mlango uwe mpana, usio na bei.

Na karibu na mlango huo, upande wa ndani, tutaomba tofali moja iachwe bila kuwekwa. Mgeni akiuliza mbona kuna pengo, aambiwe: hapo ni mahali pa swali. Kuna mtu gani mtaani ambaye leo hajala?

Mkutano ni Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Yule mama amesema atakuja, na kwamba naye ana neno la kusema.